Walitukuta Tunacheza, Wakaandika Hatuna Shida

 Leo nimekuja na maneno makali kidogo. Nimeyakalia tangu mwaka jana na sasa yamenichosha kifuani.

Ilikuwa Jumanne, kama saa nne asubuhi, hapa Busia upande wa Uganda. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na njia ya kwetu ilikuwa tope tupu. Papa alikuwa ametoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kutafuta mizigo ya kupakua, akarudi saa tatu mikono mitupu kwa sababu siku hiyo malori hayakuingia. Mama hakwenda sokoni, mukene wake wa juzi ulikuwa umelowa na hakuna mteja angeugusa. Shule zilikuwa zimefungwa. Kwa hiyo tulikuwa wote sita ndani, chumba kimoja, kile ambacho hapa wanaita muzigo, tumekaa kwenye mkeka tunacheza domino.

Mdogo wangu wa mwisho, ana miaka 9, alikuwa ameshamfungia Papa mchezo. Nne zote saba zimetoka, pande mbili zote ni nne, Papa ameshika kete tano nzito mkononi na hana pa kuziweka. Papa anadai eti mtoto amechungulia. Mtoto anaapa kwa jina la bibi yake. Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Hapo ndipo tukasikia hodi.

Walikuwa watu wawili, wamevaa vizibao vya shirika, mmoja ameshika tableti. Shirika lao, ambalo silitaji, lilikuwa linatafuta familia za wakimbizi wanaoishi mjini ili ziwezeshwe kwa mtaji mdogo wa biashara. Majina yetu yalikuwa yamepelekwa na viongozi wetu. Mama akafuta kiti kwa kitenge chake, akawakaribisha. Wakauliza maswali yao. Mnakula mara ngapi kwa siku? Nani anafanya kazi? Kodi ya nyumba ni kiasi gani? Kuna mgonjwa? Tukajibu ukweli wote: siku nyingine mara moja, kazi ni ya kubahatisha, kodi ya miezi miwili hatujalipa, Mama ana presha na dawa ziliisha.

Yule mwenye tableti akatazama mkeka, akatazama zile kete, akatabasamu. Akasema, "Lakini Mama, nyinyi mko sawa tu. Mnaenjoi."

Alisema kwa wema, nakubali. Hata Mama alicheka. Baada ya wiki tatu majina yalitoka na letu halikuwemo. Nikamuuliza kiongozi wetu mmoja aliyekuwa kwenye kikao. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mbele ya jina letu palikuwa pameandikwa familia imetulia, haina shida ya haraka.

Imetulia!

Sasa niseme jambo moja kabla mtu hajaniruka. Siwezi kuthibitisha kwamba ni zile domino zilizotunyima mtaji. Inawezekana walikuwapo wenye hali mbaya kutuzidi. Mmoja kati ya waliopata ni mama mjane mwenye watoto watano, ninamjua, na siku alipopata nilifurahi kabisa, hivi sasa anauza chapati na mimi ni mteja wake. Ugomvi wangu si wa pesa. Pesa zinakuja na zinaenda. Ugomvi wangu ni kile kilichotokea nyumbani baada ya pale.

Mama alizikusanya kete zote, akazitia kwenye soksi kuukuu ya Papa, akaifunga fundo na kuisukuma chini ya kitanda. Akatuambia, "Wageni wa shirika wakikuya, hakuna kucheza. Mukae tu."

Mukae tu. Yaani mkae mkiwa mmeinamisha vichwa, mikono mapajani, kama watu walio kwenye matanga. Mama yangu mzazi, mwanamke aliyetuvusha kutoka Uvira mpaka Nakivale na kutoka Nakivale mpaka mpakani hapa bila kumpoteza hata mtoto mmoja, akaanza kuwafundisha watoto wake kuigiza huzuni.

Hilo ndilo nakataa. Na leo nataka kueleza kwa nini, pole pole, kwa sababu najua hatuko peke yetu.

Kwanza mjue hizi kete zilikotoka. Hatukuzinunua. Papa anapopata nauli huwa anafuata kazi Malaba, pale wilaya ya Tororo, ambapo malori ya kutoka Mombasa yanapanga foleni kuingia Uganda. Foleni ikiwa ndefu, dereva na taniboi wake wanakaa kivulini chini ya trela na kucheza. Sisi tunaita domino, madereva wa Pwani wanaita dhumna. Papa alianza kwa kuwatazama, halafu akaitwa kuziba nafasi ya mtu wa nne, halafu wakamzoea. Siku moja dereva mzee akampa seti yake kuukuu, akasema imepungua kete moja na yeye hawezi kucheza na mchezo wenye pengo.

Domino kamili ni kete 28, kutoka sufuri-sufuri mpaka sita-sita, na kila namba inatokea kwenye kete saba. Yetu zilikuwa 27. Iliyopotea ni tano-mbili. Papa akachonga kipande cha mbao ya kreti, akachoma vitundu saba kwa msumari wa moto. Lakini mbao ni mbao, hata ukiigeuza kila mtu anajua ni ipi. Tukatunga sheria yetu: atakayeipata ndiye anayeanza. Kwa wengine anayeanza ni mwenye sita-sita, kwetu ni mwenye kete ya mbao. Tatizo likageuka kuwa sheria na mchezo ukaendelea.

Tunacheza wanne, wawili wawili, kete saba kila mtu. Wanaoshindwa wanapisha wengine. Ni hivyo tu, wala hakuna pesa. Anayeshindwa mara tatu mfululizo ndiye anaosha sufuria.

Sasa sikilizeni kinachotokea pale kwenye mkeka, maana ofisa alikiona kwa dakika kumi na hakukielewa.

Mama hakusoma sana. Akipewa fomu anaigeuza geuza na kuniita mimi. Lakini kwenye domino, Mama anakumbuka kila kete iliyotoka na nani aliyegonga mkeka kwa kukosa namba. Ukishika tatu ya mwisho ukidhani umeificha, Mama anakuambia, "Hiyo tatu yako itakuozea mkononi." Kule Uvira aliuza ndagala kwa miaka mingi na hesabu zote zilikuwa kichwani, hakuandika popote. Hapa Busia, tukienda ofisini, Mama ni mtu wa kutafsiriwa. Kwenye mkeka ni sisi tunaomuuliza yeye.

Papa ndiye kabisa. Nyinyi mnaoishi na baba aliyekosa kazi mnajua ninachosema. Mzee anaanza kuketi akiangalia ukuta. Anaongea kidogo, halafu hata kile kidogo kinakuwa ukali. Watoto wanamkwepa. Mwaka wetu wa kwanza Busia ulikuwa hivyo. Siwadanganyi kwamba domino imemponya, domino si dawa na dawa si domino. Lakini ile saa moja ya jioni, kabla mshumaa haujaisha, Papa anakuwa mtu wa kubishana naye, wa kumtania, wa kumshinda na wa kukushinda. Mdogo wangu alijifunza kujumlisha pale, kwa kuhesabu vitundu vilivyobaki mikononi mchezo ukifungwa. Anamsahihisha Papa hesabu, na Papa anakubali. Ni wapi pengine mkimbizi wa miaka 9 anamsahihisha mtu mzima bila kupigwa kofi?

Hicho ndicho kilichoandikwa "imetulia".

Sasa nakuja kwenu wenye vizibao. Nawaheshimu, wengine wenu ni marafiki zangu, na msinikasirikie. Lakini hebu tuambiane.

Nyinyi wenyewe mnaleta michezo. Mnafunga hema, mnaleta ludo, kamba za kuruka, mipira, na domino pia nimeziona, mpya, nyeupe, ziko ndani ya kisanduku. Mnatupanga kwenye duara. Mnapitisha karatasi ya mahudhurio, jina, umri, jinsia, namba ya simu, sahihi. Mnapiga picha. Halafu mnaandika ripoti kwamba vijana kadhaa wamepata msaada wa kisaikolojia. Sisemi ni vibaya. Mimi mwenyewe nimeenda, nimecheza, nimekunywa soda, asanteni sana.

Ila nijibuni swali hili. Mchezo ukichezwa hemani kwenu, wenye karatasi ya mahudhurio, unaitwa msaada. Mchezo ule ule ukichezwa kwetu, bila karatasi, unaitwa dalili kwamba hatuna shida. Imekuwaje? Kwani furaha yetu inahesabika pale tu mnapoileta nyinyi na gari?

Na kuna jambo baya zaidi ndani yake. Ukimlipa mtu kwa huzuni, atakuletea huzuni. Tunajua sote, tusijifanye. Tunajua familia zinazoficha redio kabla ya ziara. Tunajua mama anayemvalisha mtoto shati lililochanika huku zuri liko sandukuni. Tunajua kijana anayefanya mazoezi ya kusimulia vita, akijua ni sehemu gani ofisa huwa anafuta macho. Mnatulaumu kwamba tunadanganya. Sawa, kudanganya ni vibaya. Lakini mtihani ni nyinyi mliotunga, na sisi tumesoma tu majibu yanayopasishwa.

Mnasema mkimbizi ana heshima yake, na mmeiandika mpaka kwenye fulana. Basi tusome vizuri. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 24, linasema kila mtu ana haki ya kupumzika na kuwa na wakati wake. Kila mtu. Halikusema kila mtu ambaye kodi yake imelipwa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 31, unampa mtoto haki ya kucheza, na Uganda na Kenya zote mbili ziliuridhia mwaka 1990. Mdogo wangu wa miaka 9 alikuwa anatumia haki yake siku ile saa nne asubuhi. Ofisa aliyekuja kulinda haki za wakimbizi akaikuta haki inatumika, na akaiandika kama ushahidi dhidi yetu.

Sasa nigeuke kwa watu wetu, maana na sisi tuna makosa yetu.

Kuna wazee wetu na wachungaji wetu wanaosema domino ni uvivu. Ati familia nzima kukaa mchana kweupe ikicheza ni aibu, ndiyo maana Waganda wanatudharau. Mzee wangu, shikamoo, lakini nisikilize. Papa alikuwa njiani saa kumi na moja alfajiri. Wewe ulikuwa wapi? Alisimama kwenye tope saa tatu nzima akingoja lori lisilokuja. Uganda inatupa haki ya kutafuta kazi na ya kutembea, imo kwenye Sheria ya Wakimbizi ya 2006, na tunashukuru, nchi nyingi hazina hilo. Lakini sheria haileti lori. Mtu aliyekosa kazi siku hiyo akikaa na watoto wake amekosa nini tena? Mlitaka aende kukaa wapi, kwenye waragi?

Neno uvivu lina historia yake pia. Wakoloni walituachia sheria za kumkamata mtu kwa sababu tu anaonekana hana kazi. Vijana wengi wa Uganda wamelala mahabusu kwa makosa ya namna hiyo, wengine wamekutwa wanacheza ludo au karata kando ya barabara. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilifuta vipengele vya kosa la uzururaji, ikaona vinagongana na haki zilizomo kwenye Katiba. Kama mahakama imeona si haki kumhukumu mtu kwa jinsi anavyoonekana, itakuwaje sisi kwa sisi tuendelee kuhukumiana kwa kukaa kwenye mkeka?

Wengine wanasema domino ni kamari. Hapa nataka niwe mkweli mpaka niumie. Kamari ipo, ila haipo kwenye mkeka wetu. Ipo mfukoni mwangu, kwenye simu. Mwaka juzi Mama alinipa shilingi 20,000 nikanunue sabuni na unga. Nikapitia kwenye kibanda cha kubeti, nikaweka zote kwenye mechi nne za Ulaya. Tatu zikaingia. Ya nne ikaharibika dakika ya mwisho. Nilirudi nyumbani nikasema nimeibiwa. Mama akanipa pole, na hiyo pole inaniuma mpaka leo kwa sababu hajui. Sasa akisomewa haya atajua. Mama, nisamehe.

Sheria ya Uganda ya 2016 inakataza mtu wa chini ya miaka 25 kubeti. Ukivuka mpaka kuingia Busia ya Kenya, mwendo wa miguu tu, ni miaka 18. Lakini vibanda haviulizi, na simu haijui umesimama upande gani. Tazameni mitaa yetu, vijana wangapi wako pale asubuhi, wamekunja karatasi mkononi, kila mtu peke yake, hakuna anayemtazama mwenzake? Mchungaji anapita pale kila siku na hajagombana nao, wana pesa kidogo na wanatoa sadaka. Halafu anakuja kwetu kugombana na kete 28 ambazo hazijawahi kumla mtu hata shilingi mia.

Na sisi vijana tusijitoe. Nyumba nyingi za wenzetu nikiingia nakuta watu watano na simu tatu, na kimya. Mmoja anaangalia video, mwingine anachati na binamu wa Kakuma, mwingine anangoja matokeo ya mechi. Mama anapika peke yake kwenye sigiri nje. Tunalalamika kwamba vita vimetugawa. Ni kweli vimetugawa, mimi nina shangazi Nakivale, nina wajomba ambao sijui waliko. Lakini wale ambao vita vimetuachia, walioko kwenye chumba kimoja nasi, tumewaacha wenyewe.

Kuna mama mmoja jirani yetu, Mkenya. Watu wengi wa hapa wamesahau kwamba hata Wakenya walikuwa wakimbizi kwenye ardhi hii. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kuwaka moto, maelfu walivuka Busia na Malaba kuingia Uganda, Januari 2008, wengine na mtoto mgongoni na godoro kichwani. Wengi waliwekwa Mulanda, huko huko Tororo, na baadaye mwaka huo wengi wakahamishiwa Kiryandongo. Yeye alikuwa mmoja wao. Nilimuuliza anakumbuka nini cha Mulanda. Nilidhani ataniambia njaa au baridi. Akaniambia anakumbuka wanaume wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda kwenye kipande cha boksi, na kwamba wale watu wa pale drafti walikuwa wa makabila ambayo nyumbani yalikuwa yanachinjana wiki ileile. Mwanzoni walicheza bila kusemeshana. Anasema kelele za kwanza alizozisikia kambini ambazo hazikuwa kilio zilitoka pale, mtu amekula kete tatu kwa mpigo na mwenzake anabisha.

Halafu akaniambia kitu kingine. Kwamba magari ya wageni yalipoonekana barabarani, mtu mmoja alikuwa analikunja lile boksi na kulikalia.

Mnaona? Tangu 2008. Hata wao walilikalia.

Nataka niwe wa haki kwa upande wa pili. Najua kazi ya ofisa si rahisi. Pesa zimepungua. Mwaka 2025 misaada ilipokatwa, hata ndugu zetu walioko kwenye makazi, wenye kadi na foleni, walipunguziwa chakula na wengine wakaondolewa kabisa. Ukiwa na mtaji wa familia ishirini na umepewa majina mia mbili, lazima uchague, na kuchagua kunataka alama. Ningekuwa mimi, pengine na mimi ningeangalia nyuso. Mtu anayelia mbele yako ni vigumu kumpita.

Lakini kwa sababu hiyohiyo ndiyo nasema uso usihesabiwe. Uso ni kitu rahisi kuigiza. Hesabu sufuria. Uliza tulikula nini jana, na juzi, na uliza watoto pia, watoto hawajui kudanganya vizuri. Uliza daftari la deni dukani, kila mwenye duka wa mtaa huu analo na jina letu limo. Uliza mwenye nyumba. Angalia karatasi ya dawa za Mama na tarehe yake. Hivyo vyote vilikuwepo siku ile, chumba ni kidogo, vyote vilikuwa hatua mbili kutoka kwenye mkeka. Lakini jicho lilienda kwenye kicheko likaishia hapo.

Na kama unataka kweli kujua kicheko kinasema nini, nitakuambia. Kinasema hawa watu bado wanaweza kukaa pamoja. Wanaweza kufuata sheria, kungoja zamu, kushindwa bila kupigana, kuamini hesabu ya mwenzao. Sasa wewe unatafuta familia ya kupewa mtaji, biashara ya pamoja, pesa ya pamoja. Utampa nani? Wale waliofundishwa kuinamisha vichwa, au wale ambao mtoto wa miaka 9 anaweza kumfungia baba yake mchezo na wote wakabaki hai? Mimi nilidhani kicheko kingetuongezea alama. Kumbe kilitupunguzia.

Wiki iliyopita wamekuja tena, shirika jingine, kazi ileile. Ilikuwa jioni. Ile soksi tulikuwa tumeitoa, maana Mama mwenyewe ndiye aliyeshindwa kuvumilia, alikaa miezi miwili kisha akasema mikono inamuwasha. Tukasikia hodi. Nikaona mkono wa Mama unakimbilia kete. Nikauweka wangu juu yake. Nikamwambia, "Mama, wacha."

Alinitazama kwa muda mrefu. Papa hakusema kitu. Halafu Mama akaondoa mkono, akaenda kufungua mlango, na kete zikabaki palepale, ile ya mbao ikiwa katikati.

Tukajibu maswali yote. Yule dada wa shirika aliandika, hakutabasamu wala hakununa. Alipotaka kutoka alimuuliza mdogo wangu nani anashinda. Mdogo wangu akasema, "Mama, siku zote." Basi. Majina bado hayajatoka. Yakitoka bila letu nitaumia, sitasema uongo, kodi sasa ni ya miezi mitatu. Lakini kete hazirudi chini ya kitanda.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu na nimemaliza.

Nyinyi wa mashirika: kwenye fomu zenu futeni ile sehemu ya kuandika mnavyotuona. Andikeni tulicho nacho na tusicho nacho. Na siku mkikuta familia inacheza, kaeni mchezo mmoja, mtajua mengi kuliko maswali arobaini.

Nyinyi wazee na wachungaji: mkitaka kupiga vita kamari, mlango wa kibanda mnaujua. Nitakuja nanyi, mimi ni shahidi.

Na nyinyi vijana wenzangu wa Busia, Malaba, Tororo na kokote mnakosomea hii: leo usiku weka simu chini saa moja tu. Kama huna domino, chora drafti kwenye boksi, vifuniko vya soda viko barabarani bure. Muite Mama kwanza, usiwaite marafiki. Na mgeni yeyote akigonga hodi, mkaribishe, mpe kiti, lakini lile boksi usilikalie.

Kwenu mnacheza nini? Andikeni hapa. Na kama kuna mtu ana tano-mbili ya ziada, rangi yoyote, aseme. Ila nadhani Papa ataikataa.